Kupita Mizani Si Ruhusa ya Kupita Kila Daraja

Hotuba kwa madereva wa malori, matingo, wapakiaji na wamiliki wa magari, Morogoro

Ndugu madereva wenzangu, matingo, wapakiaji mliotoka kwenye maghala na machimbo ya mchanga, waheshimiwa wamiliki wa magari mliokubali kukaa benchi moja nasi, wahandisi wa barabara na askari wa usalama barabarani: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wengine wote hamjambo.

Nina jambo moja la kusema leo, na nalitanguliza. Tani zilizoandikwa kwenye kibao kabla ya daraja zinaheshimiwa au kuvunjwa kule mzigo unakopakiwa. Lori likishafika mlangoni mwa daraja, mambo mengi yameshaamuliwa. Dereva amebaki na usukani, nyuma yake foleni inapiga honi, mfukoni simu ya bosi inaita, mbele yake kibao. Hapo ndipo tunapomtwisha lawama zote, na hapo ndipo uwezo wake ni mdogo kuliko mahali pengine popote pa safari. Nimeendesha magari haya, sasa nafundisha wanaoyaendesha, na jambo hili linaniuma.

Nianze na kauli ninayoisikia darasani kila mara: "Mwalimu, mimi nimepita mizani, nina risiti." Sawa, umepita. Lakini tujue risiti ile inasema nini. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania tumeitumia kuanzia Machi 2019, ekseli ya mbele, yaani mhimili wa tairi za usukani, mwisho wake ni tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne ni tani 10. Ekseli mbili zilizofuatana ni tani 18, tatu ni tani 24. Semi-trela ya ekseli sita, ukijumlisha 8 na 18 na 24, unapata tani 50. Gari la ekseli saba linaishia tani 56, na hapo ndipo mwisho wa magari yote ya kawaida. Hayo mnayajua kwa kichwa, wengine mnayaota usiku.

Hizo ni tani za barabara kuu. Vigwaza, Mikese, Makambako, Mpemba kule Tunduma, kote huko unapimwa kwa sababu lami ile na madaraja yake vilisanifiwa kubeba gari la aina hiyo. Sasa umetoka lami, umeingia njia ya wilaya kufuata magogo Mafinga, au mchanga wa mtoni, au mahindi ya mnada. Mbele kuna daraja la chuma la njia moja na kibao cha duara chenye ukingo mwekundu kimeandikwa 15 t. Kibao kile hakizungumzi habari za sheria ya Afrika Mashariki. Kinazungumza habari za daraja lile moja, jinsi mhandisi alivyolikuta: chuma chake, nguzo zake, udongo ulioko chini ya nguzo. Risiti ya tani 50 haina neno pale, na hata dereva mwenye karatasi zote halali, aliyepita mizani zote bila kosa, anaweza kuliua daraja hilo na kujiua mwenyewe.

Jambo hili limetokea, tena si katika nchi maskini. Tarehe 18 Novemba 2019, kusini mwa Ufaransa, kwenye mji mdogo unaoitwa Mirepoix-sur-Tarn, kulikuwa na daraja la kuning'inia la mwaka 1931. Kibao chake kilisema tani 19. Lori lililobeba mtambo wa kuchimbia likaingia na uzito uliozidi tani 50. Daraja likaanguka lote mtoni. Dereva alikufa, na msichana wa miaka 15 aliyekuwa kwenye gari dogo na mama yake naye alikufa. Msichana yule hakupakia kitu. Alikuwa anapita tu.

Mtaniambia: mbona yale madaraja ya kwetu tunayapita kila wiki na tani mbili zaidi, tatu zaidi, na hayaanguki? Swali hili nalipenda, kwa sababu ndilo linalowadanganya watu wenye akili zao. Mara nyingi daraja la chuma halifi kwa siku moja. Chukua kipande cha waya, kikunje mara moja, hakikatiki. Kikunje huku na huku, huku na huku, kitakatika mkononi mwako bila kuongeza nguvu. Ndivyo chuma kinavyochoka. Kila lori linalopita linakikunja kidogo, kinarudi. Lori lililozidi linakikunja zaidi ya kilivyosanifiwa, na pembeni ya tundu la bolti au mahali palipochomelewa panaanza ufa mwembamba ambao macho hayauoni. Ufa unasonga mbele kila gari zito linapopita. Siku daraja linapokubali kuanguka, gari lililo juu yake linaweza kuwa basi la abiria lenye uzito halali kabisa. Aliyelivunja alipita mwaka jana, na leo yuko kwake anakula.

Ukitaka kuamini, siku moja egesha gari mahali salama, shuka, nenda ukasimame chini ya daraja la chuma la zamani wakati lori zito linapita. Angalia pale boriti inapokalia nguzo. Utaona vumbi la kutu linamwagika kama limepulizwa. Utaona boriti inashuka na kurudi, na bamba la sakafu linaruka na kupiga chuma cha chini, pa, pa, pa, ekseli kwa ekseli. Ukihesabu ule mlio unajua gari lina ekseli ngapi bila kuliona. Nimewapeleka wanafunzi wangu mahali kama hapo, na somo lile halikuhitaji ubao.

Kwa upande wa lami hesabu yake ilishafanywa zamani. Kati ya mwaka 1958 na 1960 Wamarekani walijenga njia za majaribio karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, na ndani yake wakaweka madaraja mafupi. Wanajeshi wakazungusha malori yenye uzito tofauti, usiku na mchana. Walichogundua kuhusu lami ni kwamba uharibifu haupandi sambamba na uzito, unapanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito. Kwa lugha yetu: ekseli ya tani 10 ukiifanya tani 12, umeongeza sehemu moja tu ya tano ya uzito, lakini lami imeumia mara mbili. Na mara nyingi mashimo yanaanza pale penye mlima, magari mazito yanapotambaa. Na shimo likiwa mita chache kabla ya daraja, gari linadunda na kuingia darajani likiwa linaruka, na daraja linapokea kishindo kilichozidi uzito ulioandikwa kwenye risiti.

Kwa daraja kuna jambo jingine ambalo wengi wetu hatulifikirii: urefu wa gari. Ninyi mnaoshuka hadi Afrika Kusini mmeshakutana na kanuni yao. Wanachukua umbali wa mita kutoka ekseli ya kwanza hadi ya mwisho, wanazidisha kwa 2,100, wanajumlisha 18,000, na jibu ni kilo unazoruhusiwa. Gari lenye mita 18 kati ya ekseli hizo linapata kilo 55,800. Lenye mita 12 linapata kilo 43,200. Tofauti ni zaidi ya tani 12, kwa sababu gari fupi linarundika mzigo wote mahali pamoja, katikati ya boriti, lakini gari refu linakuwa na ekseli nyingine bado ziko barabarani wakati za mbele ziko darajani. Tipa fupi lililojaa kokoto linaweza kuliumiza daraja dogo kuliko semi-trela ndefu yenye uzito mkubwa zaidi. Wenye matipa, hapa nawasema ninyi.

Sasa nije kwenye kupakia, ndiko nilikotaka kufika.

Mfuko wa saruji ni kilo 50. Mifuko ishirini ni tani moja. Mpakiaji akichanganya hesabu ya mistari miwili tu ya mifuko, gari limeshazidi kabla halijawashwa. Lakini saruji ina nafuu, inahesabika. Mchanga hauhesabiki. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ni kama tani moja na nusu na kitu. Ukinyeshewa unakaribia tani mbili. Tipa la mita 15 za ujazo lililopakiwa vizuri asubuhi likiwa kavu, likikaa kwenye mvua, linaweza kuongeza tani kadhaa bila mtu kutia hata koleo moja. Magogo nayo hivyohivyo: mti uliokatwa jana una maji yake yote, uliokaa miezi juani ni mwepesi. Mpakiaji anatazama kimo cha mzigo na kusema "ni kama kawaida". Kimo ni cha kawaida. Uzito si wa kawaida.

Kisha kuna yale tunayoongeza wenyewe. Tangi la lita 800 la dizeli likijaa ni zaidi ya kilo 650, na liko karibu na ekseli za mbele. Baada ya mizani kuna magunia ya mkaa, vitunguu, viazi vya mama wa nyumbani, na mara nyingine abiria. Ndugu zangu, nayajua maisha ya posho ndogo. Siwahukumu. Ila msije mkasema mlipita mizani na tani zile wakati daraja limepokea tani nyingine.

Na mpangilio. Mara ngapi gari limekutwa na jumla halali, tani 49, lakini ekseli za kati zimezidi? Mpakiaji alianzia mbele, akajaza, akachoka, nyuma akaweka mistari miwili. Pale mizani mnashusha turubai, mnahamisha mifuko kwa mikono juani, utingo analaani. Mkiona ni usumbufu wa mizani mnakosea. Ule ni usumbufu ulioanza ghalani, umewafuata barabarani.

Wakubwa kati yenu wanakumbuka Oktoba 2013, waziri wa ujenzi wa wakati ule, hayati Dkt. Magufuli, alipofuta ile asilimia 5 ya ziada iliyokuwa ikivumiliwa mizani juu ya uzito halali. Malori yakasimama, foleni zikajaa, mpaka Waziri Mkuu Pinda akaingilia kati na ile asilimia ikarudishwa kwa muda. Siingii kwenye ugomvi ule, kila upande ulikuwa na hoja. Nasema hivi tu: ile nafasi kidogo kwenye ekseli ipo kwa sababu mzigo husogea njiani na mizani zenyewe hutofautiana kidogo. Kwenye ekseli ya tani 10 ni kilo 500, mifuko kumi ya saruji. Tangu lini mifuko kumi ile ikawa haki ya mwenye mzigo, ya kupakia kwa makusudi? Kwenye kibao cha daraja hata mfuko mmoja wa ziada haupo. Mhandisi aliyeandika 15 ameshapunguza kila alichoweza kupunguza ili wewe upite salama.

Wamiliki, naomba mnisikilize vizuri hapa. Dereva wenu analipwa kwa safari. Akikataa mzigo, anapoteza siku, na mara nyingine anapoteza kazi. Mnamwambia "tii sheria" mbele ya askari, na kwenye simu mnamwambia "pita tu, wenzako wamepita". Mtu hawezi kutii sauti mbili. Ninachowaomba ni karatasi. Kila mzigo uwe na karatasi inayosema uzito wake kwa tani, si "gari moja la mchanga", si "trela ya mbao", na iwe na sahihi ya aliyepakia. Karatasi ya pili iwe ya njia: ni barabara ipi, na kila daraja lenye kibao liandikwe kibao chake kinasema ngapi. Mnajua njia zenu kuliko mtu yeyote. Kazi hiyo mtaifanya jioni moja. Na juu ya hapo iwepo ahadi ya maandishi kwamba dereva aliyekataa kuzidisha uzito hakatwi posho ya siku hiyo.

Mtaona gharama. Basi tazameni gharama ya upande wa pili. Daraja la Karuma kule Uganda, juu ya Mto Nile, lilijengwa mwaka 1963. Ndilo linaloiunganisha Kampala na kaskazini ya nchi ile. Mwaka 2024 wahandisi waliona limechakaa kiasi cha kuzuia mabasi na malori mazito, baadaye mwaka uleule wakalifunga kabisa kwa matengenezo. Baadhi ya magari yakazungushwa Masindi na kupita ndani ya mbuga ya Murchison Falls hadi Pakwach. Piga hesabu ya dizeli, ya tairi, ya siku zilizopotea, na nyanya zilizooza njiani. Kibao cha tani ni nafuu kuliko daraja lililofungwa, hata kwa mfanyabiashara asiyejali kingine chochote ila faida.

Nasi kwetu tumeonja. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam na mikoa ya kusini pale Somanga na sehemu nyingine, watu walilala njiani. Siku kama hizo ndipo malori yanapotafuta njia za vijijini, na ndipo madaraja madogo na makalavati yaliyojengwa kwa ajili ya gari la kubebea wagonjwa na trekta yanapokanyagwa na tani 40. Barabara kuu ikifunguliwa malori yanaondoka. Kijiji kinabaki bila daraja. Mama mjamzito anabebwa kwenye machela kuvuka mto. Hilo hatulioni sisi kwa sababu hatupiti tena huko, lakini ni kazi ya tairi zetu.

Tena baada ya mafuriko, msiamini kibao cha jana. Maji yanakomba udongo chini ya nguzo, juu daraja linaonekana zima, limepakwa rangi nzuri, chini limesimama kwenye hewa. Ukiona ufa mpya kwenye lami pale barabara inapokutana na daraja, au kingo za pembeni zimepinda na hazinyooki kama zamani, simama, uulize.

Wakati wa chai kijana mmoja anayebeba magogo aliniuliza swali, nikamwahidi nitalijibu mbele ya wote. Alisema: "Mwalimu, nimefika kwenye kibao usiku. Nina tani 40, kibao 15. Nyuma kuna magari, kugeuza trela hakuna nafasi. Nifanye nini?"

Kwanza, usiingie. Usijidanganye kwamba ukipita polepole uzito unapungua. Mwendo mdogo unaondoa kishindo, hauondoi tani. Washa taa za tahadhari, utingo aende nyuma na pembetatu na tochi, awasimamishe walioko nyuma. Mwenye pulingi, yaani lori linalobeba mzigo wake na kuvuta trela nyuma, anaweza kukata trela, akaiacha pembeni, ikiwa kila kipande peke yake kiko chini ya kibao. Mwenye semi hana bahati hiyo, kichwa chake bila trela hakina mzigo wa kupeleka. Huyo atarudi nyuma mita kwa mita utingo akimwongoza, au atangoja kuche ije gari ndogo kuhamisha mzigo. Ni usiku mbaya. Nauelewa. Piga picha ya kibao, mtumie bosi pamoja na saa, ili kesho pasiwe na mabishano.

Lakini swali la kijana huyu ni mashtaka kwa wahandisi waliokaa hapa, na nayasema kwa heshima. Kibao kimoja kilichochomekwa hatua chache kabla ya daraja kinamsaidia nani? Lori lenye trela halina breki ya kurudisha safari. Kibao cha kwanza kiwe kwenye njia panda, pale ambapo dereva bado ana njia nyingine ya kuchagua, kiseme daraja liko kilomita ngapi mbele na linabeba tani ngapi. Cha pili kiwe mahali penye nafasi ya kugeuza. Cha tatu ndicho kiwe darajani. Viwe na rangi inayoonekana usiku, na nyasi zifyekwe. Na vibao hivyo vikiibwa kuuzwa chuma chakavu, sisi madereva ndio tuwe wa kwanza kutoa taarifa, kwa sababu sisi ndio tutakaozama.

Kwa madaraja yenye njia moja ambayo mna haki ya kuyapita, mazoea matatu. Liingie lori moja, litoke, ndipo liingie jingine, hata kama aliye mbele ni rafiki yako na mnasafiri pamoja. Malori mawili halali juu ya boriti moja ni lori moja lililozidi. Usifunge breki darajani bila sababu, hasa wenye matangi, maana mafuta yanakimbilia mbele na ekseli za mbele zinabeba zaidi. Na usisimame juu ya daraja kuangalia mto, kununua samaki wala kungoja foleni iishe. Waliopita daraja la zamani la Wami kabla ya hili jipya kufunguliwa mwaka 2022 wanajua ilivyokuwa: mteremko huku, mteremko kule, njia moja katikati, na gari lililokuwa limeharibika juu yake lilifunga kaskazini nzima.

Fomu ya karatasi ya mzigo na karatasi ya njia nimeiandaa, nakala ziko mezani karibu na mlango. Wapakiaji wachukue kwanza, kabla ya madereva. Na ninyi mnaopita njia za Mafinga, Mbinga na Kilosa, kabla hamjaondoka leo, keti na hawa wahandisi, mwandike pamoja kila daraja lenye kibao na kila daraja mnalojua limepoteza kibao chake. Wamekuja na ramani. Sasa tuchukue maswali, tuanze na yule ndugu wa makaa ya mawe aliyenyoosha mkono tangu mwanzo.